Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mirathi: msimamizi wetu ameugua

Kwa Waziri mwenye dhamana ya Katiba na Sheria,
Uongozi wa Mahakama ya Tanzania,
Kabidhi Wasii Mkuu.

YAH: KUBADILISHA MSIMAMIZI WA MIRATHI ASIYEWEZA TENA KAZI KWA SABABU YA UGONJWA

Waheshimiwa,

Kamwene. Huku Mufindi salamu hiyo hutangulia hata pale mtu anapokuja kudai.

Mimi ni binti wa kwanza wa mzee aliyefariki miaka saba iliyopita katika kijiji kimoja cha wilaya hii. Aliacha mke, watoto watano, nyumba ya matofali ya kuchoma, kiwanja Mafinga mjini, akiba kidogo benki, vinyungu, yaani bustani za bondeni, na ekari kumi na mbili za paini alizozipanda kwa mkono wake. Wosia hakuandika. Tukafuata njia ya wengi: ukoo ukakaa, shangazi akaongoza kikao, muhtasari ukaandikwa, kila mmoja akatia sahihi, na baba mdogo akachaguliwa kwenda mahakama ya mwanzo kuomba usimamizi. Tulimchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ana daftari la kila kitu, mpaka bei ya misumari ya mwaka alioezeka nyumba yake. Pili, ulanzi anakunywa, ila akishika fedha ya mtu hagusi chombo mpaka fedha hiyo imfikie mwenyewe. Hakuna aliyepinga. Nadhani hata marehemu angemchagua yeye.

Mahakama ikampa Fomu Na. 4, ile barua ya usimamizi. Akakusanya mali, akalipa deni la mbolea na la duka, akajaza orodha kwenye Fomu Na. 5. Nyumba ikabaki kwa mama, vinyungu vikagawanywa. Kuhusu paini tulikubaliana sote kwamba isikatwe ikiwa changa. Mti wa miaka minane unatoa mbao nyembamba ambazo mnunuzi anazidharau mbele yako, kisha akifika Dar es Salaam anazisifia mwenyewe. Ukiuvumilia ukapita miaka kumi na mitano ndipo unaongea lugha nyingine na mnunuzi. Kanuni za mwaka 1971 za usimamizi wa mirathi katika mahakama za mwanzo zinampa msimamizi miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na madeni, au muda zaidi mahakama ikiruhusu, na baada ya hapo anapeleka hesabu kwenye Fomu Na. 6 kadiri mahakama itakavyopanga. Baba mdogo aliomba muda, akaeleza habari ya miti, akakubaliwa. Faili likabaki wazi likisubiri miti ikomae.

Mwaka juzi mwezi wa sita, asubuhi ya ukungu, alianguka akifungua banda la ng'ombe. Kiharusi. Upande wa kulia umepooza na maneno yamepotea. Anatutambua, anacheka tukimtania, na nikiingia na faili mkononi anageuza uso ukutani.

Hapo ndipo nilipojua kwamba mirathi nzima ilikuwa imekaa ndani ya mkono mmoja wa kulia.

Akaunti ya mirathi ilikuwa na mtia sahihi mmoja. Benki, ambayo siitaji, ilituambia kwamba haiwezi kumtambua mtu mwingine bila amri ya mahakama, na kwa kweli siwalaumu, kwa sababu wangekubali sura yangu ya huruma wangekubali na ya tapeli. Nikauliza habari ya hati ya uwakili. Nikaambiwa kwamba hati hiyo inatolewa na mtu mwenye uwezo wa kuelewa anachokitoa, na kwamba msimamizi amepewa kazi na mahakama, si shati la kumwazima jirani. Sawa. Jirani mmoja, mwema kabisa, akanishauri kwa sauti ya chini: "Mwanangu, mbona dole gumba lake bado lipo? Mkilipaka wino akiwa amelala, nani atajua?" Nakiri kwamba usiku ule sikulala mapema. Ada ya mdogo wangu wa mwisho ilikuwa imebaki wiki mbili, na dole gumba lilikuwa chumba cha pili.

Hatukulipaka. Lakini naomba mjue, Waheshimiwa, kwamba familia nyingi zilizo katika hali kama yetu zinalipaka, na si kwa sababu ni wezi. Zinalipaka kwa sababu njia halali ni ndefu na ile nyingine ni fupi kama kitanda.

Kisha wakaja watu wa mbao. Mwenye mashine ya dingdong, ile ya kupasulia mbao, aliegesha pikipiki kwa mama na fedha taslimu kwenye begi, akasema yeye hahitaji barua, anahitaji mtu wa kumwonyesha mpaka. Kaka yangu karibu amwonyeshe. Nilimzuia kwa maneno makali ambayo hajanisamehe hadi leo. Ni kweli kwamba mtu asiye msimamizi akiuza mali ya marehemu anajiingiza pasipomhusu, na mnunuzi naye ananunua kesi. Lakini kumweleza hivyo mtu mwenye watoto watatu na mwezi wa Januari uko mlangoni ni kazi nyingine.

Na msimu wa moto ukafika. Wanaoishi kwenye miti wanajua kuanzia mwezi wa nane moyo unakaa wapi. Kila mwaka baba mdogo alitoa fedha kwenye akaunti ya mirathi, akawalipa vijana walime barabara ya moto kuzunguka shamba, ule ukanda mtupu usio na majani ili moto wa jirani ukifika ukose pa kushika. Mwaka ule hakukuwa na wa kutoa fedha. Tulichanga tukalima pande tatu. Moto ulikuja kwa upande wa nne. Ekari mbili na ushee zikaungua, miti ambayo baba aliipanda mwaka aliozaliwa mdogo wangu wa mwisho. Mama alikwenda kuiona mara moja tu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Nilikwenda mahakama ya mwanzo kuuliza fomu ya kubadilisha msimamizi aliyeugua. Karani, mama mmoja mpole, alitafuta kabatini akanipa karatasi nyeupe. Akasema, "Andika maombi ya kutengua uteuzi. Mwombaji wewe, mjibu maombi yeye. Sababu uzitaje." Nilizitafuta sababu kwenye kanuni ya 9 ya kanuni zile za 1971. Zipo tano. Uteuzi ulipatikana kwa udanganyifu. Au mahakama iliutoa bila kujua jambo ambalo lingeufanya usifae kisheria. Au mwenendo wa kuuomba ulikuwa na kasoro kubwa. Au uteuzi umekuwa bure, hauna kazi tena. Au msimamizi anakwenda kinyume na uteuzi wake, au kwa makusudi ama uzembe anawaumiza warithi na wadai. Ukizisoma zote kwa pamoja, ile ya nne, ambayo ndiyo yetu, imekaa katikati ya wezi kama mgeni aliyekosea nyumba.

Nikaandika ya nne. Lakini wito haukuandikwa sababu. Uliandikwa jina la baba mdogo, na chini yake "mjibu maombi", na tarehe ya kufika bila kukosa. Ulipitia kwa mtendaji wa kijiji, kwa hiyo kufikia jioni ulikuwa umesomwa na kijiji kizima. Mama mdogo aliuficha chini ya godoro siku mbili. Siku ya tatu kaka zangu, watoto wa baba mdogo, walinipigia kutoka Makambako. Hawakunisalimia. "Dada, baba amekula nini?"

Jibu ni kwamba hakula kitu. Daftari lake tumelikagua mbele ya shangazi, na shilingi ya mwisho imekaa mahali pake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yake ilikuwa na daftari na habari zake bado zikapotea, kwa sababu mwenye daftari aliitwa mahakamani kwa neno lilelile wanaloitiwa waliokula.

Siku ya shauri tulimleta kwa Noah ya kukodi. Vijana wawili walimbeba mpaka kwenye benchi, akiwa amevaa koti la suti alilolivaa kwenye msiba wa baba. Jina likaitwa. Hakimu alikuwa mtu mzuri, nalisema hilo kwa moyo mmoja. Alimuuliza kwa upole, "Mjibu maombi, umeyasikia maombi haya? Unasemaje?" Baba mdogo alinitazama mimi. Alifungua mdomo, ikatoka sauti ileile anayoitoa akitaka maji. Hakimu akanyamaza, akaagiza maji yaletwe. Kisha shauri likaahirishwa ili tulete barua ya daktari, jambo ambalo, kama lingekuwa limeandikwa kwenye fomu, tungelileta siku ya kwanza na mzee asingetoka kitandani. Shangazi alilia njia nzima ya kurudi. Alikuwa analia kwa aibu, maana yeye ndiye aliyeongoza kile kikao cha kumchagua.

Waheshimiwa, siombi sheria mpya. Nimeisoma iliyopo, kwa msaada wa binti mmoja mwanafunzi wa sheria anayetoka kijiji cha pili, na kilichonishangaza ni kwamba sheria yenyewe ina huruma kuliko karatasi zake. Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, linaipa mahakama ya mwanzo uwezo wa kuteua msimamizi mmoja au zaidi, kwa kuombwa au kwa hiari yake yenyewe. Linairuhusu kumteua ofisa wa mahakama, au mtu mwenye heshima asiyeegemea upande, awe msimamizi pamoja na yule wa kwanza au badala yake. Tena linairuhusu kutengua uteuzi kwa sababu nzuri na ya kutosha, na kumtaka aliyeteuliwa arudishe barua yake. Hakuna mahali linaposema sababu nzuri lazima iwe dhambi. Na kwa mirathi zinazoendeshwa kwa Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, zikiwemo zile zenye wosia na wasii aliyetajwa, kifungu cha 49 kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kumsimamisha au kumwondoa wasii au msimamizi pale usimamizi mwema na maslahi ya warithi vinapohitaji, na kumweka mwingine mahali pake. Usimamizi mwema na maslahi ya warithi. Maneno hayo yanamtosha mgonjwa bila kumvunjia heshima.

Kinachokosekana ni mlango wake. Naomba fomu moja, ya Kiswahili cha kawaida, yenye kichwa cha habari kinachosema ugonjwa au uzee wa msimamizi, inayotaja viambatisho vyote tangu mwanzo: barua ya daktari, barua ya usimamizi ya zamani, majina ya warithi wote na sahihi zao, jina la anayependekezwa. Isiwe na nafasi ya mjibu maombi pale ambapo hakuna anayebishana. Aandikwe "msimamizi anayepumzishwa", au neno lingine mtakaloona linafaa. Mtu aliyetumikia ukoo miaka mitano bila ujira anastahili kuwa na jina zuri kwenye faili. Kama kuna mrithi anayepinga, basi hapo liwe shauri kamili na kila mtu ajitetee. Sisi hatukuwa na mpinzani hata mmoja, na bado tumekwenda kama tunagombana.

Naomba pia hakimu akiona haja ya kumwona mgonjwa, aende. Mahakama zetu huenda shambani kuangalia mpaka wa ardhi, na hakimu hupanda matuta akiwa na viatu vyake vya ofisini. Kitanda cha mgonjwa si mbali kuliko hapo. Mnayo Mahakama Inayotembea, yale magari tuliyoyaona kwenye taarifa za habari yakifanya kazi Dar es Salaam na Mwanza. Temeke kuna kituo kizima cha mashauri ya mirathi na familia. Sina wivu na watu wa Temeke, ila ukisafiri toka kijijini kwetu mpaka mahakamani wakati wa mvua, kwenye utelezi wa udongo mwekundu, ndipo unaelewa kwa nini mtu anaahirisha mirathi mpaka miti inajikausha yenyewe.

Lipo la hesabu pia. Msimamizi anayeondoka anatakiwa kueleza alichokusanya na alichotoa. Mtu asiyesema ataelezaje? Kwetu tuliulizwa hivyo, na jibu lilikuwa daftari. Lakini lilikuwa bahati, kwa sababu si kila baba mdogo anaandika bei ya misumari. Wekeni utaratibu wa mkewe au watoto wake kukabidhi nyaraka alizoziacha, mbele ya mahakama, bila wao kubeba lawama ya hesabu wasizozijua. Mama mdogo alikuwa na bahasha ya risiti ndani ya sanduku la vyombo na aliogopa kuitoa, akidhani ni ushahidi dhidi ya mumewe. Bahasha hiyohiyo ndiyo iliyomsafisha.

Na jambo la kiwanja, ambalo watu hawaliongei mpaka limechelewa. Kiwanja cha Mafinga kimesajiliwa kwa jina la baba mdogo akiwa msimamizi wa mirathi ya kaka yake. Ndivyo inavyofanyika, na si kosa. Lakini Mungu akimchukua leo, watoto wake watafungua sanduku na kukuta hati yenye jina la baba yao. Usimamizi haurithiwi, mtoto wa msimamizi hawi msimamizi, na mali aliyoisimamia baba yake si sehemu ya mirathi ya baba yake. Nani amewaambia? Wale kaka zangu wa Makambako ni watu waungwana, ila maneno "akiwa msimamizi" kwenye hati ni madogo na kiwanja kiko karibu na barabara kuu. Wenzenu wanaosajili ardhi wangeweza kumwandikia barua msimamizi, na nakala kwa warithi, kuwaeleza kwa sentensi tatu jina hilo maana yake nini. Ingezuia kesi nyingi kuliko mawakili kumi.

Kabidhi Wasii Mkuu, kwako nina neno la peke yake. Wengi wetu tunaijua RITA, wakala unaouongoza, kwa vyeti vya kuzaliwa na vya kifo. Ni wachache wanaojua kwamba ofisi yako inaandika na kutunza wosia, na inaweza yenyewe kusimamia mirathi pale ndugu anapokosekana au wanapokosa kuaminiana. Kila mwaka Wiki ya Sheria inapofika, mwishoni mwa Januari, mabanda yanajengwa mjini na vipeperushi vinagawiwa. Leteni banda moja kwenye mnada wa kijijini, siku watu wanapouza ng'ombe na viazi, na mwambieni kila mzee anayeandika wosia ataje wasii wawili, wa pili awe mdogo wa umri kuliko wa kwanza. Sisi tulimchagua mtu mwenye miaka sitini na nane kusimamia miti inayohitaji miaka minane zaidi. Hakuna mtu kwenye kile kikao, wala mahakamani, aliyefanya hesabu hiyo. Hakimu angeuliza tu, "Na huyu akiugua, nani?", tungejibu palepale, maana mimi nilikuwa nimekaa mkeka wa mbele nikiandika muhtasari.

Wakati tunaongelea muhtasari: majaji wa Mahakama Kuu wamekwisha kusema kwamba muhtasari wa kikao cha ukoo si sharti la sheria. Lakini tulipotaka kumbadilisha msimamizi tuliagizwa kurudi kukaa kikao upya, na baadhi ya waliokaa kile cha kwanza wako makaburini na wengine wako Tunduma wanafanya biashara. Nauli ya kikao hicho ilizidi gharama za mahakama. Kikao chenyewe kilikuwa kizuri, sikatai, na shangazi mwingine alipika makande. Ila kama si sharti, waambieni makarani.

Maombi yetu yametajwa mara nne. Barua ya daktari imepokelewa, warithi wote tumesaini, baba mdogo ameweka alama ya mkono wa kushoto mbele ya hakimu, safari hii akiwa macho. Tunatajwa tena wiki ya pili ya Julai. Mwezi wa nane majani yatakuwa yamekauka, na barabara ya moto ya upande wa chini bado haijalimwa.

Wenu,
Binti wa kwanza wa marehemu,
Mufindi, Iringa.